Kijani Kisichochapika

Saa tano usiku, Kutaisi. Mvua inapiga bati la jirani,
nami nasugua brashi juu ya picha
na brashi haichori.

Nabadili rangi: haichori.
Naikuza brashi ikawa pana kama sinia:
haichori.
Nakibamiza kipanya mezani
kana kwamba kosa ni la kipanya.

Lebo ni ya Bibi Tsiala, muuza tkemali,
ile achari ya plamu mbichi inayotia meno ganzi.
Chupa mia tatu zimesimama kwenye kreti, hazina jina,
na soko la Jumamosi halimngoji mtu.

Haya, Eteri, najiambia, anza mwanzo.
Tabaka limefungwa? Kufuli halipo.
Limefichwa? Jicho liko wazi.
Uko kwenye tabaka lenyewe, au unapaka maandishi
ukidhani unapaka tunda?
Niko penyewe.
Basi kuna nini?

Nikaisogeza picha nyuma, nyuma zaidi,
hata lebo nzima ikawa kama stempu,
na pale, pembe ya chini kushoto, nikaviona:
vitone vinatembea duara
kama siafu waliozingira punje ya sukari.
Uteuzi wa pikseli nne.
Niliuacha pale jioni, nilipogeuka kupokea simu,
na tangu hapo programu imenitii neno kwa neno:
umesema nichore humu, nachora humu.
Nikakuza. Kweli. Pikseli nne,
zimelowa rangi ya usiku mzima.

Nilicheka peke yangu, kisha nikahifadhi faili,
maana umeme wa mtaa huu nao una vicheko vyake.

Na hili lilikuwa dogo.
Jumanne alikuja mwanawe, Bidzina, na picha kwenye simu.
“Hii ndiyo ya asili?”
“Ndiyo hiyohiyo.”
Mficha uchi hazai. Ilikuwa picha ya picha,
imepita simu tatu, na kila simu imemega tonge lake.
Nilipoivuta, mashavu ya plamu yakageuka ngazi.
Nikamwambia: picha ndogo haikui kwa kuvutwa,
inachanika tu.
Akakuna shingo. Kesho yake akaleta kamera.

Jumatano nikalituma faili kwa mchapaji.
Akapiga simu: “Hii achari inaitwa Sanduku Sanduku Sanduku?”
Kompyuta yake haikuwa na fonti yangu.
Herufi zetu thelathini na tatu, zilizojikunja kama mizabibu,
zimekuwa vijumba vitupu visivyo na mwenyewe.
Nikazigeuza michoro, nikatuma tena.
Mchoro hauhitaji kujulikana ili uonekane.

Lakini rangi!
Bibi Tsiala aliichukua karatasi ya majaribio,
akaiweka ubavuni mwa skrini,
akanitazama kama daktari aliyechelewa.
“Plamu zangu zinaumwa.”
Nikaeleza: skrini inawaka, karatasi haiwaki;
kuna kijani ambacho ni mwanga mtupu,
wino zote nne zikikusanyika
haziwezi kukifikia.
Alinisikiliza mpaka mwisho.
Kisha akatia mkono mfuko wa aproni,
akatoa plamu, akaituliza juu ya karatasi.
“Mimi siuzi skrini,” akasema. “Fuata hii.”

Nikaizima ile skrini, nikawasha taa ya kawaida.
Nikaongeza manjano. Nikapunguza buluu, unyoya tu.
Karatasi ya pili, hapana. Ya tatu, midomo ikamcheza.
Ya nne hakusema kitu.
Aliitwaa plamu yake akaila.

Jumamosi nikapita sokoni.
Chupa zimepangwa, jua limeziingia,
watu wanaonja kwa ncha ya mkate.
Na kwenye plamu ya tatu, ukingoni,
kuna uzi mweupe nilisahau kuufuta,
mpana kama pikseli moja.
Nikausogelea. Nikautazama sana.
“Kuna nini?” akauliza Bibi Tsiala.
“Hakuna,” nikasema. “Nipe mbili.”